Jinsi ya kusoma historia ya uchaguzi wa halmashauri ya wilaya ya Uingereza ukiwa Moshi

Aprili 2024 binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Colchester, mashariki mwa Uingereza, anakofanya kazi ya uuguzi. "Mjomba, nimeletewa karatasi ya kunijulisha siku ya kupiga kura. Madiwani wa huku nitawachaguaje na historia yao siijui?" Nafundisha Uraia hapa Moshi, nikadhani ni kazi ya jioni moja. Ilinila wiki mbili na zaidi, na nilikosea vibaya mwanzoni. Naandika ili wewe mwenye ndugu huko usikosee nilipokosea mimi.

Chukua kaunta buku na rula. Kila mwaka wa uchaguzi upe mstari wake: mwaka, viti vilivyogombewa, kila chama kimepata vingapi, nani ameshika halmashauri. Matokeo ya kata kwa kata utayapata kwenye tovuti ya halmashauri yenyewe. Ya zamani yalikusanywa kwa uvumilivu mkubwa na Colin Rallings na Michael Thrasher wa Chuo Kikuu cha Plymouth, nami nawaheshimu sana kwa kazi hiyo.

Anza na 1973, usirudi nyuma zaidi. Sheria ya kuunda wilaya hizi ilipitishwa 1972, uchaguzi wa kwanza ukafanyika Juni 1973, na halmashauri zikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Colchester ya leo ilipatikana kwa kuunganisha mji wenyewe, Wivenhoe, West Mersea na wilaya ya vijijini ya Lexden na Winstree. Matokeo ya kabla ya hapo ni ya mabaraza mengine. Yape ukurasa wake. Nikifika hapa darasani huwa nasimama kidogo, kwa sababu 1972 hiyohiyo sisi tulikuwa tunafuta halmashauri zetu kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na tukazirudisha kwa sheria za 1982.

Sasa pale nilipojikwaa. Wilaya nyingine huchagua madiwani wote kwa siku moja kila baada ya miaka minne, kama tulivyozoea. Colchester huchagua theluthi. Ina kata 17, kila kata madiwani watatu, jumla 51. Mwaka huu anachaguliwa mmoja, mwakani wa pili, mwaka wa tatu wa tatu, na mwaka wa nne kwa kawaida ni zamu ya baraza la mkoa wao, Essex. Mimi nilichukua viti vya 2022 nikavilinganisha na vya 2021, nikamwandikia binti yetu kwamba chama fulani kimeporomoka. Kumbe vilikuwa viti tofauti kabisa! Vya 2022 vilikuwa vimegombewa mara ya mwisho 2018, vya 2023 viligombewa 2019. Linganisha kiti na kiti chenyewe, usilinganishe mwaka na mwaka unaoufuata. Na hata hapo kuna mtego: uchaguzi wa 2020 uliahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, kwa hiyo vya 2024 unavipima na 2021. Miaka mitatu, si minne.

Chini ya 2015 piga mstari mwekundu. Mwaka 2016 mipaka ya kata ilichorwa upya, madiwani wakapungua kutoka 60 hadi 51, na viti vyote vikagombewa kwa pamoja. Siku hiyo mpiga kura wa kata yenye viti vitatu alikuwa na kura tatu mkononi. Ukijumlisha kura zote utapotoka. Nakupa mfano wangu wa kubuni: chama cha kwanza kina wagombea watatu, wamepata 900, 850 na 700, cha pili kina mmoja tu, amepata 880. Kwa kujumlisha ni 2,450 kwa 880, utasema wamegaragazwa. Chukua aliyeongoza kila chama: 900 kwa 880. Kura 20 tu! Hiyo ndiyo hali halisi ya kata ile.

Uchaguzi mdogo na diwani aliyehama chama viandike pembeni kwa penseli. Safu ya viti maalum usiichore, kule hakuna.

Kwenye safu ya mwisho, wingi wa viti 51 ni 26. Chama kikubwa kisichofikisha 26 usikiandike kuwa ndicho kinachotawala. Andika "hakuna mwenye wingi", kisha tafuta nani aliungana na nani. Colchester imekuwa hivyo kwa miaka mingi ya karibuni.

Binti yetu ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi kule, kwa hiyo kura ni haki yake. Nilimkumbusha abebe pasipoti yake ya Tanzania, maana tangu Mei 2023 huruhusiwi kupiga kura kituoni bila kitambulisho chenye picha, na hiyo inakubaliwa. Alhamisi ya tarehe 2 Mei nilikuwa ofisi ya walimu, saa nne asubuhi, alipopiga simu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amesimama nje ya kituo.

"Mjomba, kiti hiki kiligombewa lini?"

"2021," nikamjibu, kaunta buku ikiwa bado kwenye mkoba.