Presha ya mimba: uliza kwanza ni wiki ya ngapi

Presha ya 150 kwa 100 katika wiki ya 28 haiamuliwi kama presha hiyohiyo katika wiki ya 38. Kwa hiyo hakikisha kwanza umri wa mimba. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuaminika zaidi. Tarehe ikikosewa kwa wiki tatu, uamuzi wote unapinda.

Kisha pima vizuri. Mama aketi kimya dakika 5, ameegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo ufungwe kwenye ngozi; ukiwa mdogo kwa mkono mnene, hutoa namba ya juu ya uongo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe baada ya saa 4 na mkojo upimwe protini. Mkojo kuwa safi si kinga: priklampsia, yaani presha ya mimba inayodhuru viungo vya mwili, inaweza kugusa ini, figo au damu bila protini kuonekana. Ikifika 160 kwa 110, au kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au kuna maumivu chini ya mbavu za kulia, ni hospitali saa hiyohiyo.

Priklampsia inayoanza kabla ya wiki 34 ndiyo ngumu zaidi. Mara nyingi mishipa inayolisha kondo la nyuma haikutanuka inavyopaswa, damu inafika kidogo, na mtoto anadumaa tumboni. Dawa huishusha presha tu. Ugonjwa wenyewe hauanzi kuisha mpaka kondo litoke, na mtoto bado hajakomaa. Hapo mama hulazwa, na akiwa ametulia kila siku ya ziada tumboni ni faida kwa mtoto. Akikaribia kuzalishwa huchomwa deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, mara 4, kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hizo zinahitaji muda, ndiyo maana kufika dakika za mwisho kunamgharimu njiti. Dalili zikiwa kali, magnesiamu salfeti hutolewa kuzuia kifafa cha mimba.

Wiki ya 34 hadi 36 ni kusubiri kwa uangalizi, ila hali ikiwa mbaya mtoto atolewe. Ikitimia 37, mama azalishwe. Kungoja kunaongeza hatari tu.

Kosa kubwa ni kulegea baada ya kujifungua. Kifafa hupiga hata kondo likishatoka, hasa saa 48 za kwanza, na hatari hubaki hadi wiki 6. Presha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, wakati wengi wameshapewa ruhusa. Kichwa kikimuuma mzazi siku hizo, msiseme ni uchovu, mpimeni.

Aliyeipata mapema ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata tena, kwa hiyo mimba ijayo aseme hivyo kwenye hudhurio la kwanza kabisa la kliniki. Aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila siku kwa maelekezo ya daktari, huanzwa wiki ya 12. Ikianzwa baada ya wiki 16, kinga yake hupungua.