Kumsaidia Mtoto wa Darasa la Kwanza Akiwa Nyumbani

Katika muhula wa kwanza, unaoanza Januari, mwanafunzi wa darasa la kwanza hujifunza zaidi stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Anza na sauti za irabu, kisha ziunganishe na konsonanti hadi asome “ba, be, bi, bo, bu”; na kwa kuwa watoto wengi huimba silabi hizo kwa kukariri tu, mwoneshe pia zikiwa zimechanganywa. Mnaposubiri daladala, mwambie asome “Mbagala” kwenye kibao cha gari, silabi moja moja, bila kumharakisha. Kwa hesabu, vizibo vya soda vinatosha kujumlisha na kutoa. Kagua daftari kila jioni, lakini usimfanyie kazi zake, maana mwalimu hatajua alipokwama.