Kupanga mechi za haki katika michezo ya mkakati: anza na daftari, si na taifa

Seva kubwa hukutafutia mpinzani kati ya maelfu ya watu. Katika chumba cha michezo ya kompyuta cha mtaa wa Kenya au wa Katuba, hapa Lubumbashi, wachezaji ni kumi na wawili, wale wale kila Jumamosi, na watatu kati yao huwapiga wote. Ndipo husikika: "Ile taifa iko na nguvu sana!" Mara nyingi taifa, yaani kabila au dola ambalo mchezaji huchagua kuliongoza, halina kosa lolote. Waliokutanishwa ndio hawalingani.

Utaratibu huu unafaa mchezo wa vita wa Age of Empires II, na pia wenzake 0 A.D., ambao ni wa bure na huchezwa kwa mtandao wa ndani bila intaneti.

Alama

Tumia hesabu ya Arpad Elo, iliyobuniwa kwa ajili ya chesi na kukubaliwa na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, mwaka 1970. Kila mchezaji aanze na 1000. Mechi ikiisha, mshindi huchukua alama kwa aliyeshindwa, na kiasi hutegemea pengo lililokuwepo kabla ya mechi. Bandika haya ukutani:

- Pengo 0: alama 16, yeyote akishinda
- Pengo 100: wa juu akishinda 12, wa chini akishinda 20
- Pengo 200: 8 au 24
- Pengo 300: 5 au 27
- Pengo 400: 3 au 29

Kwa mfano, mwenye 1180 akipigwa na mwenye 1080, wanabaki na 1160 na 1100. Pengo la 100 maana yake wa juu hutarajiwa kushinda mechi 64 katika 100. La 200, mechi 76. La 400, mechi 91.

Alama anazopata au kupoteza mgeni zihesabiwe mara mbili katika mechi zake kumi za kwanza, za mpinzani wake kawaida. La sivyo fundi aliyetoka chumba kingine atakaa wiki nyingi chini, akiwala wanaojifunza. Na daftari lishikwe na mtu mmoja asiyecheza siku hiyo.

Kutanisha kwanza wenye pengo lisilozidi 150. Mtu akishangoja mechi nzima bila mpinzani, mpe hata wa pengo la 250. Zaidi ya hapo mwenye nguvu afungwe mkono: asishambulie kabla ya dakika ya 10, au asitengeneze farasi. Mechi ya namna hiyo isiandikwe daftarini, maana matokeo yake hayapimi kitu.

Wawili kwa wawili

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hesabu inaonekana safi. Wenye 1400 na 900 dhidi ya 1200 na 1100: jumla ni 2300 kila upande. Lakini mwenye 900 atavamiwa mapema, wanakijiji wake wataacha kazi na kukimbilia ndani, kisha mwenzake atabaki peke yake mbele ya wawili. Jumla sawa haitoshi. Kati ya wenzi wa timu moja pengo lisizidi 300. Likizidi, cheza watatu kwa watatu na umweke mwenye alama ndogo katikati, wenzake wakiwa pembeni, ili adui ampitie mtu mwingine kwanza.

Ramani

Ramani zinazotengenezwa upya kila mechi, kama ile iitwayo Arabia katika Age of Empires II, huweza kumwekea mmoja dhahabu nyuma ya nyumba na mwingine mbele, njiani mwa adui. Kwa mechi yenye zawadi, hata ya franka chache, chezeni tatu, apitaye ni mwenye mbili. Ramani isiyobadilika inahitaji mbili, mkibadilishana pande. Katika 0 A.D. zima hazina zilizotawanyika ardhini. Anayezikuta kwa bahati hupata mali asiyoifanyia kazi.

Angalieni mashine pia. Katika michezo hii kompyuta zote huenda hatua moja, hivyo iliyo dhaifu huwachelewesha wote. Punguzeni kikomo cha watu wa ndani ya mchezo hadi 100 kwa kila mchezaji kabla ya kulaumu waya.

Taifa, mwisho kabisa

Ushindi wa 7 katika 10 si ushahidi. Hata mataifa yakilingana kabisa, bahati pekee huleta 7 au zaidi karibu mara moja katika kila sita. Tena taifa linalopendwa na mabingwa litashinda hata likiwa dhaifu. Kwa hiyo katika kila mechi ya taifa hilo andika pia ushindi uliotarajiwa kwa pengo la alama: 0.64 kwa aliye juu kwa 100, 0.5 kwa walio sawa, 0.24 kwa aliye chini kwa 200, kisha jumlisha. Likitarajiwa 11 katika 20 na likapata 12, nyamaza. Likipata 17, lina jambo. Dawa nyepesi si kulipiga marufuku: wote wawili wacheze taifa moja, au kila mmoja akatae moja kabla ya kuanza.

Umeme ukikatika

Kubalianeni kabla, si gizani. Kabla ya dakika ya 15 mechi inafutwa. Baada ya hapo, anayekiri kushindwa apoteze alama. Asipokiri, andika sare: pengo likiwa 200, wa juu anapoteza 8 na wa chini anapata 8. Betri ya akiba mkiwa nayo moja tu, iwekwe kwenye kompyuta iliyofungua mechi pamoja na kifaa kinachounganisha nyaya, kwani mashine nyingine ikizimika ni mchezaji mmoja tu anayetoka.