Somo: Kudifragi diski, na programu ipi uitumie

Wakuu, kudifragi ni kuunganisha vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye diski. Kabla hujapakua programu yoyote ya kazi hiyo, jua kwanza mashine yako ina HDD (diski ya kuzunguka) au SSD (diski ya chipu). Wengi huanzia kwenye kupakua.

HDD ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosogea kusoma. Ukifuta na kuandika mafaili kwa muda mrefu, nafasi tupu hubaki huku na kule, na faili kubwa likikosa sehemu moja ya kulitosha hukatwa vipande. Kila kichwa kinaporukia kipande kingine hupotea takriban milisekunde 10. Faili la vipande 1000, hizo ni sekunde 10 za kutafuta tu! SSD haina kichwa cha kusogeza, kwa hiyo kuipanga upya ni kuichosha bure.

Hatua ya 1: Bonyeza Windows na R, andika dfrgui, kisha Enter. Dirisha litakuonyesha kila diski na aina yake.

Hatua ya 2: Kama ni HDD, chagua Analyze. Ikionyesha vipande chini ya asilimia 10, mimi huiacha. Windows haihesabu vipande vinavyozidi MB 64, maana kuviunganisha hakuna faida ya maana.

Hatua ya 3: Futa usivyohitaji, chomeka chaja, bonyeza Optimize, nenda kalale.

Kama ni SSD, kitufe hicho hicho hutuma TRIM, yaani huiambia diski sehemu zipi hazina kazi tena. Hiyo haina madhara, iache.

Kuhusu programu: hiyo ya Windows inatosha, na tangu Vista hujiendesha yenyewe kila wiki. Ukitaka kushughulikia faili moja tu, Defraggler inaruhusu, na Contig ya Sysinternals (zana za Microsoft) pia kama huogopi kuandika amri. Inayodai imegundua "makosa" mia kadhaa kisha inaomba pesa, ifute.

MASWALI

Mkuu, nikimaliza nitapata GB ngapi?
Hata moja. Vitu vinahamishwa, havipungui.

Umeme ukikatika katikati je?
Kipande hunakiliwa kwanza mahali papya, ndipo anwani yake ibadilishwe, kwa hiyo faili lako kwa kawaida liko salama. Kwenye kompyuta ya mezani bado nashauri UPS (betri ya akiba).

Diski yangu inagonga tik tik, nidifragi?
Hapana! Nakili data zako leo, kisha itazame afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Difragi huifanyisha kazi nzito, inaweza kuimalizia.

Nimefanya yote, laptopu yenye HDD na Windows 10 bado inajikokota.
Basi tatizo si vipande. Fungua Task Manager. Kama diski iko asilimia 100 muda wote, nunua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), hata ya GB 240, uhamishie Windows huko.