Faili la hosts lisipozuia matangazo: namna ya kulitafuta kosa hatua kwa hatua

Mara nyingi mtu huniletea kompyuta akieleza kwamba amekwisha kubandika orodha ndefu ya majina ya seva za matangazo kwenye faili la hosts, yaani faili dogo la maandishi linaloiambia kompyuta anwani ya kila jina lililomo, lakini matangazo bado yanamiminika vilevile. Anachotaka ni orodha nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika kazi hii nimeona kwamba orodha yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Kosa huwa liko mahali fulani kati ya faili na kivinjari, na hupatikana kwa kupima kiungo kimoja kimoja, si kwa kubandika maelfu ya mistari na kuomba dua.

Faili hili lina umri mkubwa kuliko wavuti wenyewe. Kabla ya mfumo wa DNS, unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na ambao Paul Mockapetris aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1983, kompyuta za mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, zilitambuana kwa faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, ambalo lilitunzwa katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, na kila kituo kilijichukulia nakala yake. Utaratibu ule haukufutika. Hadi leo kompyuta inapotafuta anwani ya jina fulani hutazama kwanza faili lake la hosts, na ikikuta jibu humo haiendi kuiuliza seva ya DNS. Ukiliandikia jina la seva ya matangazo anwani 0.0.0.0, tangazo halipakuliwi, na bando lako haliliwi na kitu usichokiomba.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba umehariri faili lenyewe

Kwenye Windows faili liko C:\Windows\System32\drivers\etc na jina lake ni hosts, bila kiendelezi chochote. Kwenye Linux na macOS liko /etc/hosts. Fungua dirisha la amri na uandike:

dir C:\Windows\System32\drivers\etc

Ukiona hosts.txt, umekwisha kulipata kosa. Notepad hupenda kuongeza .txt kwenye jina, na kwa kuwa Windows huficha viendelezi usipoiambia vinginevyo, machoni pako folda inaonyesha "hosts" tu na unaapa kwamba kila kitu kiko sawa. Ifungue Notepad kwa haki za msimamizi, ufungue faili halisi, na unapohifadhi chagua aina ya mafaili yote. Katika orodha ya usimbaji chagua ANSI au UTF-8 isiyo na BOM (alama iliyofichika mwanzoni mwa faili), kwa sababu faili lililohifadhiwa kama UTF-16 linasomeka vizuri kwako lakini halisomeki kwa mfumo.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala rudufu. Mtumiaji wa macOS asifute mistari ya localhost na broadcasthost aliyoikuta humo, maana mfumo unaitegemea.

Hatua ya 2: Weka mstari mmoja wa jaribio

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe na subira. Iondoe kwa muda ile orodha ndefu, kisha andika mstari huu peke yake:

127.0.0.1 jaribio.test

Hifadhi, rudi kwenye dirisha la amri, na uandike ping jaribio.test, amri inayolibishia hodi jina hilo na kuonyesha anwani yake. Nimechagua jina linaloishia na .test kwa makusudi: kikoa hicho kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio na hakimo katika DNS ya dunia, kwa hiyo jibu lolote litakalotoka 127.0.0.1 limetoka kwenye faili lako na si kwingineko. Jibu likija, kompyuta inalisoma faili, na unaweza kuruka hadi hatua ya 4.

Usitumie nslookup, amri ya kuulizia anwani za majina, kwa kipimo hiki kwenye Windows. Mimi mwenyewe nilipoteza alasiri nzima kwenye kompyuta ya duka moja la vifaa vya ofisi, nikilifuta na kuliandika upya faili ambalo halikuwa na tatizo lolote, kwa kuwa nslookup iliendelea kunipa anwani halisi ya seva ya matangazo. Amri hiyo huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS bila kulitazama faili la hosts, na hivyo haiwezi kukuambia lolote kulihusu.

Hatua ya 3: Iwapo jaribio halijibu

Kwanza futa majibu ya zamani ambayo mfumo umeyahifadhi. Kwenye Windows amri ni ipconfig /flushdns, na kwenye Linux inayotumia systemd-resolved ni resolvectl flush-caches. Kwenye macOS ni hii:

sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder

Ikiwa bado kimya, kwenye Linux tazama faili /etc/nsswitch.conf. Mstari unaoanza na hosts: unapaswa kutaja files kabla ya dns. Kwenye Windows angalia katika rejista, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\Tcpip\Parameters, thamani iitwayo DataBasePath. Inapaswa kuelekea %SystemRoot%\System32\drivers\etc. Ukiikuta inaelekea folda nyingine na hukuibadilisha wewe, ichunguze kompyuta hiyo kwa programu ya kuondoa virusi kabla ya kuendelea.

Kuna pia hali ambapo mabadiliko yanahifadhika, kisha baada ya saa chache yametoweka. Tangu mwaka 2020 Windows Defender inaweza kulihesabu faili linalozuia seva za Microsoft kuwa tishio, ikalipa jina SettingsModifier:Win32/HostsFileHijack, na kulirudisha katika hali yake ya awali. Tazama kumbukumbu za ulinzi. Mara nyingi inatosha kuitoa mistari ya seva za Microsoft kwenye orodha, kwani hiyo haikuwa ya matangazo tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Rudisha orodha, ukiangalia uandishi wake

Kila mstari una anwani, nafasi, kisha jina. Usiweke http:// wala mkwaju wala jina la ukurasa. Alama ya nyota haifanyi kazi humu: mstari wa doubleclick.net hauzuii ad.doubleclick.net, na kila jina dogo linahitaji mstari wake. Ndiyo maana orodha zinazotumika sana, kama ile ya Steven Black iliyoko GitHub, zina makumi ya maelfu ya mistari.

Kuhusu anwani, napendelea 0.0.0.0 kuliko 127.0.0.1. Anwani 127.0.0.1 ni kompyuta yako mwenyewe, na ikiwa umewasha XAMPP (kifurushi chenye seva ya wavuti ya Apache) au seva nyingine ya kujifunzia, kila tangazo litakwenda kubisha hodi huko, na mahali pa tangazo utaona ukurasa wa makosa wa Apache.

Hatua ya 5: Kivinjari

Kifunge kabisa, usifunge kichupo tu, kwa sababu nacho huhifadhi majibu ya DNS. Kwenye Chrome unaweza kuyafuta kupitia chrome://net-internals/#dns. Iwapo kivinjari kinatumia proksi, yaani seva ya katikati inayokitafutia kurasa, jina hutafutwa huko kwenye proksi, na faili lako linapitwa kando. Vivinjari vya sasa vina pia mpangilio wa DNS salama, ambao hukifanya kivinjari kiulize majina chenyewe kwa njia iliyosimbwa, na huenda kikaliruka faili lako. Uzime kwa dakika chache ili kupima. Kwenye Firefox fungua about:config na uhakikishe kwamba network.trr.exclude-etc-hosts ni true, ndipo majina yaliyomo kwenye hosts yataheshimiwa hata DNS salama ikiwa imewashwa.

Hatua ya 6: Tovuti inapoharibika

Siku chache baadaye utakutana na kinyume chake: kitufe cha kulipia hakibonyezeki, au matokeo ya kwanza ya Google hayafunguki. Hilo la pili huwa ni tangazo lililofadhiliwa, ambalo kiungo chake hupitia googleadservices.com, kwa hiyo faili linafanya kazi yake. Kwa hilo la kwanza, bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao, upakie ukurasa upya, na usome mistari myekundu. Nakili jina la seva iliyoshindikana, litafute kwenye hosts, uweke alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari wake, kisha ujaribu tena. Fanya jina moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni lipi lililokuwa likizuia.

Matangazo ya YouTube yasikupotezee muda. Hutoka kwenye seva zilezile zinazoleta video, na hosts hufahamu majina tu. Ukilizuia jina, umeizuia na video.

Ule mstari wa jaribio.test mimi siufuti. Naupeleka mwisho kabisa wa faili, chini ya orodha yote, ili siku mtu atakaponiambia kwamba matangazo yamerudi, niandike ping moja na nijue kama faili linasomwa hadi mstari wake wa mwisho.