Kutoa fukuto la taa kubwa kwenye chumba cha kupandia, hapa Mombasa

Nyumba yangu iko Majengo. Haina ua, na maji ya kisima yana chumvi. Ndiyo sababu napanda rihani, letasi na miche ya nyanya ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu, chini ya taa mbili za sodiamu za wati 600 kila moja. Mwaka wa kwanza nilipoteza miche yote ya letasi ndani ya siku tatu za Machi. Taa zilikuwa nzima, maji yalitosha. Joto ndilo lililoiua. Wengi wanaoniuliza huwa wameshanunua kiyoyozi. Naomba kiyoyozi kije mwisho, baada ya haya.

Hatua ya 1: Hesabu joto

Karibu kila wati inayoingia kwenye taa huishia kuwa joto humo humo chumbani, hata ile iliyotoka kama mwanga. Taa zangu mbili ni sawa na kuwasha pasi ya wati 1,200 na kuiacha hadi asubuhi. Balasti, yaani vile visanduku vinavyodhibiti stima ya taa, nazo hupata moto, kwa hiyo nimezitundika ukutani nje ya chumba.

Sasa hewa. Chukua jumla ya wati, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi unazokubali chumba kiwe na joto kuliko nje. Nikikubali nyuzi 5, napata 1,200 × 3 ÷ 5, yaani mita za ujazo 720 kwa saa. Boksi la feni likiwa limeandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha namba hiyo kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Nunua feni yenye nguvu zaidi ya hesabu yako kwa robo au theluthi, maana bomba refu, kona na chujio hula nguvu yake.

Zingatia hili: feni haiwezi kukifanya chumba kiwe baridi kuliko hewa inayoivuta. Mchana wa Machi nje kuna nyuzi 32 au 33. Ongeza zile 5, uone unapoipeleka miche.

Hatua ya 2: Washa usiku

Hii haina gharama na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Taa zangu huwaka saa moja jioni na kuzima saa moja asubuhi, kwa saa ya kujizima. Usiku hewa ya nje hushuka hadi nyuzi 24 au 25, na Julai wakati wa kusi hushuka zaidi. Mchana chumba kinalala gizani. Kama paa ni mabati matupu, weka dari kwanza, la sivyo joto la jua litakuwa bado linashuka juu ya mimea saa mbili usiku.

Hatua ya 3: Toa hewa juu, ingiza chini

Hewa ya moto hupanda. Toboa tundu la kutolea karibu na dari, na la kuingizia chini kwenye ukuta wa upande wa pili, ili hewa ipite katikati ya mimea. Tundu la kuingizia liwe pana kuliko la kutolea, angalau mara moja na nusu, na lifunikwe wavu wa mbu. Wavu ukijaa vumbi, feni inakosa pumzi. Bomba la alumini livute linyooke, usiliache likining'inia kama utumbo.

Angalia upepo pia. Kwangu tundu la kutolea lilitazama kusini, na kusi ilipoanza Aprili feni ikawa inashindana na upepo wa bahari. Nikaweka kona ya bomba inayotazama chini, hewa ikatoka.

Ukimaliza, chukua chetezo, weka ubani, kiweke chini kwenye tundu la kuingizia. Moshi uvutwe polepole juu ya mimea na kupotelea kwenye feni. Kwangu pembe ya nyuma ya mlango moshi ulisimama ukazunguka palepale, na ndipo rihani ilipokuwa ikishika ukungu mweupe kila mara. Feni ndogo ya mezani, ile ya kugeuka huku na huku, ilimaliza tatizo.

Hatua ya 4: Zuia joto kabla halijachanganyika

Fungia taa ndani ya kava lenye kioo chini na midomo miwili ya bomba. Hewa iingie kutoka nje, ipite juu ya taa, itoke nje bila kugusa hewa ya chumba. Mng'ao wa taa bado utapasha majani joto, lakini sehemu kubwa ya moto huondoka.

Hatua ya 5: Kiyoyozi, kama bado kinahitajika

Rihani na nyanya huvumilia nyuzi 28 hadi 30. Letasi haivumilii: hurefuka, huota maua mapema na kuwa chungu. Kwa letasi nawasha kiyoyozi cha BTU 9,000, yaani kipimo cha joto kinachoweza kuondoa kwa saa. Taa zangu pekee hutoa BTU 4,100 hivi kwa saa, na mimea hutoa mvuke ambao kiyoyozi lazima kiukaushe. Kikiwaka, zima feni ya kutolea, kwani itatupa nje baridi uliyoilipia. Mashine za kupoza kwa maji usihangaike nazo. Hewa yetu ina unyevu tayari.

Stima

Mwite fundi akuvutie laini ya peke yake yenye swichi ya kujikata, na swichi ya joto itakayozima taa chumba kikifika nyuzi 35. Feni ikifa saa nane usiku umelala, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Stima ikipotea na kurudi, taa ya sodiamu haiwaki papo hapo. Iache dakika kumi na tano ipoe.

Kipimajoto kitundike usawa wa majani, kivulini. Kila mwezi zima kila kitu, fungua feni, futa mapanga yake kwa kitambaa chenye maji matamu. Utaona kitambaa kimekuwa na weupe wa chumvi, hata kama bahari huioni kutoka dirishani kwako.