Hamisha meseji zako kabla simu haijapotea

Mwaka juzi walinichomolea simu pale Old Taxi Park Kampala. Laini niliipata tena baada ya kuzunguka na kitambulisho siku mbili, nikaweka Signal, ile app yangu ya meseji za siri, kwa simu mpya, namba ikakubali, pini ikakubali, kufungua ndani hamna kitu, vois zote marehemu baba alizokuwa ananitumia kutoka Arua zimeenda. Bado inaniuma sana.

Signal inafunga meseji kwa ufunguo unaokaa kwenye simu yako, kwa hiyo mwenye app hana nakala ya kukurudishia hata umlilie vipi. Nakala utengeneze mwenyewe, na mapema.

Kwa Signal ya Android ingia setingi, tafuta sehemu ya bakapu, yaani nakala, washa ile ya kuhifadhi kwenye simu halafu chagua folda. Itakupa msururu mrefu wa siri wa kufungulia bakapu hiyo. Andika kwenye karatasi, weka pamoja na vyeti vyako, usipige skrinshoti ukaiacha kwa simu hiyo hiyo maana mwizi ataondoka na vyote. Na jamani, ile pini unayoulizwa kila mara HAIRUDISHI meseji, inarudisha profaili, setingi na watu wako tu, hapo ndipo wengi tunadanganyika tukilala tukijua tuko salama.

Sasa bakapu hiyo nayo imekaa kwenye simu ile ile! Kwa hiyo mimi kila Jumapili naihamishia kwenye flashi kwa kile kiwaya cha OTG kinachounganisha flashi na simu, faili ni zito kama una picha na video nyingi ila haili bando hata kidogo, na huku kwetu tangu Julai 2021 data inakatwa kodi ya asilimia 12 kwa hiyo kila MB ina maana.

Siku ya kurudisha usikimbilie kuandika namba. Weka faili kwenye simu mpya kwanza, fungua app, pale mwanzo kabisa chagua kurejesha bakapu. Ukiiruka hatua hiyo itabidi uifute app uanze upya. Faili hilo la Android halifunguki kwa iPhone, jua kabisa kabla hujabadilisha simu.

WhatsApp shida yake imegeuka: bakapu ya Google Drive inarudi kirahisi lakini haijafungwa kwa ufunguo wako mpaka uwashe wewe mwenyewe, hiyo kufuli ipo tangu 2021 na watu wengi ninaowauliza hawajaigusa. Iko setingi, chati, bakapu. Nywila yake ukiisahau na simu imeshapotea ndio basi. Telegram, chati za kawaida hazijafungwa mwisho kwa mwisho, yaani ufunguo hauko kwako na unayechati naye peke yenu, zile za siri zinabaki kwa simu uliyoanzia na grupu hazina chati za siri kabisa.

Kitu kingine ni namba. Laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia kampuni inaipa mtu mwingine, naye anaweza kujisajili nayo. Washa kufuli ya usajili kwenye Signal, ile inayodai pini yako mtu akijisajili kwa namba yako, kwa WhatsApp washa ile pini ya tarakimu sita, na kama unahama laini badilisha namba ndani ya app wakati ya zamani bado iko hewani.